Karamu ya Sikukuu na Watu Wateuzi wa Chakula



Sikukuu ya Noeli ikikaribia, kila nyumba ya Kikristo huwaza mambo mawili: ni nani watakaokuja, na tutapika nini. La kwanza hutupa furaha. La pili mara nyingi hutupa taabu, maana hao watakaokuja hawali kitu kimoja. Shemeji hali nguruwe. Mjomba hali samaki asiye na magamba. Babu hana meno. Mama mkubwa amekatazwa vitu vitamu kwa ajili ya kisukari. Na mtoto wa miaka minne, akiona jani moja la mboga limegusa wali wake, hulia kana kwamba ameona nyoka sahanini.

Na mama wa nyumba afanyeje? Aliamka kabla ya jogoo kuwika, akachota maji, akawasha moto, akapika tangu alfajiri hata saa saba, kisha anasikia, "Mimi sili hiki." Mara uso wake hubadilika, baba wa nyumba hukemea, mgeni huona haya, mtoto hupigwa kofi, na siku iliyokuwa ya amani inageuka kuwa siku ya manung'uniko. Mambo haya si madogo. Ziko jamaa zilizoacha kualikana kwa sababu ya neno moja lililosemwa juu ya sahani.

Watu wengi hudhani kwamba njia ziko mbili tu. Njia moja ni kumpikia kila mtu chungu chake. Nayo humchosha mama hata asiweze kuketi na wageni wake. Njia nyingine ni kupika chungu kimoja na kusema, "Asiyetaka na alale njaa". Nayo humfukuza mgeni asirudi tena. Nataka kuonyesha katika habari hii kwamba iko njia ya tatu, tena wazee wa Umatengo waliifuata tangu zamani: mikono ya wapishi iwe mingi, vyombo viwe vingi, na kila mtu ajitwalie apendacho pasipo kulazimishwa wala kuchekwa.

NJIA PANDA YA VYAKULA

Kitai ni mahali pafaapo sana kujifunza neno hili. Kijiji hiki kiko kando ya barabara itokayo Songea kwenda Mbinga, na hapa ndipo iachapo njia nyingine ishukayo Lituhi, ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Upande mmoja iko milima ya Umatengo, ambako watu hulima mahindi na maharage katika ngolo, yaani yale mashimo yaliyopangwa kama macho ya wavu juu ya miteremko, ili mvua isichukue udongo. Upande wa pili wako watu wa ziwa; chakula chao ni ugali wa muhogo, samaki, na wale dagaa wadogo waitwao usipa. Upande wa tatu ni Ungoni, nchi ya mahindi. Mwaka 2012 serikali iliigawa wilaya, ufuko ukawa Wilaya ya Nyasa na milima ikabaki Mbinga. Walakini ndoa hazikugawanywa. Vijana wa mlimani huoa binti za ziwani, na binti za mlimani huolewa ziwani, na siku ya sikukuu wote hukutana penye meko moja.

Bibi arusi wa ziwani akija mlimani huona maharage leo na maharage kesho, naye hutamani samaki. Kijana wa mlimani akishuka kwa wakwe zake huandaliwa ugali wa muhogo unaonata vidoleni, asijue aumege vipi. Kila mmoja husema moyoni, "Watu hawa hawajui kula." Kumbe wote wanajua, ila kila mmoja amefundishwa na mama yake. Mabingwa wa siku hizi wamekuta kwamba ladha ya vyakula alavyo mama humfikia mtoto angali tumboni, tena humfikia katika maziwa anyonyayo. Basi ulimi wa mtu huanza shule kabla hajazaliwa. Yule asiyependa chakula chako hakukudharau wewe. Ulimi wake ulisoma shule nyingine.

WATU WA NAMNA TATU

Mpishi mwenye busara hawaweki wote wanaokataa chakula katika fungu moja. Wako wa namna tatu, na kila namna ina dawa yake.

Wa kwanza ni wale wanaokataa kwa imani au kwa mwiko wa ukoo. Jamaa nyingi za kwetu zina ndugu Waislamu, na nyingine zina Waadventista Wasabato, ambao hawali nguruwe wala samaki asiye na magamba, kama kambale. Kadhalika ziko koo zenye mnyama wao wasiyemla tangu enzi za mababu. Watu hawa hawachagui, wanatii. Usiwajaribu, usiwafiche, wala usimwambie mtu kwa mzaha, "Onja kidogo, hakuna atakayekuona." Kumdanganya mgeni juu ya kilichomo chunguni ni kama kumwibia, kwa kuwa umemnyang'anya dhamiri yake bila yeye kujua.

Tusidhani kwamba hili ni jambo la jikoni tu. Mwaka 1993, huko Dar es Salaam, mabucha ya nguruwe yalishambuliwa na kuvunjwa. Mwezi wa Februari 2013, huko Buseresere katika Mkoa wa Geita, watu waligombana juu ya nani mwenye haki ya kuchinja, na mchungaji mmoja akauawa. Magomvi ya namna hiyo yana mizizi mingi, lakini mzizi mmojawapo ni dharau juu ya chakula cha mwenzako, nayo huanza nyumbani, watoto wakisikia. Ndiyo sababu desturi iliyoenea katika nchi yetu ni njema: kwenye karamu ya watu wa dini mbalimbali, kuku na mbuzi huchinjwa na Mwislamu, ili wote wapate kula. Mkristo hapungukiwi na neno kwa kufanya hivyo. Na nyumba itakayo kupika nguruwe, impike katika meko ya mbali, kwa chungu chake, kisu chake, mwiko wake na mafuta yake, wala vyombo hivyo visiingie katika chakula cha wote.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Roma juu ya jambo hili hili, katika sura ya 14 ya waraka wake, akiwakataza wenye kula kila kitu wasiwabeze wanaojizuia, na wenye kujizuia wasijifanye mahakimu wa wengine. Nasi tunaojinyima nyama siku ya Ijumaa Kuu twajua vema kwamba mtu aweza kukataa chakula kizuri pasipo kumchukia aliyekipika.

Wa pili ni wale wanaokataa kwa ajili ya mwili. Ndio wenye kisukari, wenye shinikizo la damu, wenye vidonda vya tumbo, wazee wasio na meno, na wale ambao wakila samaki au karanga mwili huwavimba na pumzi huwabana. Hao wa mwisho tuwaangalie kwa makini sana, maana kwao kijiko kimoja chaweza kuleta mauti. Mtu wa namna hii usimwulize habari zake mbele ya watu wote, wala usimwambie, "Leo ni sikukuu, dawa utameza kesho." Ugonjwa haujui sikukuu.

Wa tatu ndio wateuzi wenyewe, wanaokataa kwa mazoea tu. Katika watu wazima wako wasiotaka ila nyama, na wako wanaouliza, "Je, hakuna kingine?" kabla hawajaonja kilichopo. Kwa hao wahenga wamesema, "Mteuzi haishi tamaa," na tena, "Mchagua nazi hupata koroma." Mtu mzima wa namna hii asipikiwe chungu cha peke yake. Atakuta mezani vyakula vya namna nyingi. Achukue apendacho, aache asichopenda, wala asiseme neno. Na tuseme kweli: mteuzi mkubwa kuliko wote mara nyingine ni baba wa nyumba. Yeye hupewa paja na firigisi, watoto hupewa mchuzi. Yeye husukuma mboga kando ya sahani, kisha humkemea mtoto asiyekula mboga. Mtoto ana macho. Atakalolifanya ni lile aliloliona, si lile aliloambiwa.

MTOTO ASIYEKULA MBOGA

Juu ya watoto yatupasa kukaa kidogo, kwa sababu hapa pana hatari kubwa kuliko kuharibika kwa sikukuu moja. Katika uchunguzi wa afya uliofanyika nchini Tanzania mwaka 2022, ilionekana kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. La kushangaza ni hili: mikoa iliyokuwa na udumavu mwingi kupita yote ni Iringa, Njombe na Rukwa, nchi zilizojaa mahindi. Basi si ghala tupu tu linalomdumaza mtoto. Yako magonjwa ya mara kwa mara, uko uchafu wa maji, uko uzito wa kazi za mama; na iko sahani yenye ugali mwingi na kitoweo haba, leo hivyo, kesho hivyo. Sisi wa Ruvuma, wenye mahindi mengi kama hao jirani zetu, tusijione tuko salama.

Daktari Cicely Williams, aliyekuwa akiwatibu watoto huko Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika mwaka 1933 habari za watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi mtupu, wakavimba miguu, nywele zikageuka rangi. Mwaka 1935 aliutaja ugonjwa huo kwa jina la wenyeji wa huko, kwashiorkor, nasi twauita kwashakoo. Kwa hiyo mtoto anapoikataa mboga, maharage na dagaa, mama ana haki ya kuhangaika. Walakini dawa si kofi.

Watoto wengi, kuanzia miaka miwili hata sita, huogopa chakula wasichokizoea. Si ukaidi, ni hali ya umri wao. Yafaa mtoto awekewe chakula kilekile kidogo kidogo, siku nyingi, mara 10 au hata 15, kabla ulimi wake haujakikubali. Mama wengi hukata tamaa mara ya tatu, wakasema, "Huyu hapendi maharage," na tangu siku hiyo mtoto huitwa Asiyependa Maharage, naye hulishika jina lake.

Tena jihadharini na kumpa mtoto rushwa. Huko Marekani, katika miaka ya 1980, Leann Birch na wenzake walikuta kwamba mtoto aliyelipwa ili ale au anywe kitu fulani, baadaye alikipenda kitu hicho kidogo kuliko kwanza. Na kile chakula kilichotolewa kuwa zawadi, alikipenda zaidi. Ukisema, "Maliza mchicha nikupe peremende," umemfundisha mambo mawili: kwamba mchicha ni adhabu, na kwamba peremende ndiyo chakula cha heshima.

Liko jambo jingine la kale linalofaa kukumbukwa. Daktari Clara Davis wa Marekani alianza mwaka 1926 kuwalea watoto wadogo, jumla yao 15, akiwaacha wajichagulie chakula. Aliwaandalia vyakula zaidi ya 30 vya namna mbalimbali katika vyombo vidogo. Mlezi alikaa kimya na kijiko mkononi, asimpe mtoto ila kile alichokionyesha. Kila mtoto alichagua kwa namna yake, wala wawili hawakulingana, na wote wakastawi. Mmoja aliyekuwa na matege aliwekewa mafuta ya ini la samaki, akayanywa kwa hiari yake mpaka akapona. Lakini Davis mwenyewe, alipoandika matokeo hayo mwaka 1939, alieleza siri yake: vyote vilivyowekwa mezani vilikuwa vyakula vyema vya asili, wala haikuwapo sukari. Mtoto alichagua, lakini mtu mzima ndiye aliyechagua vya kuchaguliwa.

Neno hilo lafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila jiko. Mzazi aamue nini kiwekwe, na saa gani, na wapi. Mtoto aamue ale kiasi gani katika hivyo vilivyowekwa.

Na hapa niseme neno juu ya miiko. Mwiko ambao mtu mzima amejiwekea mwenyewe, tuuheshimu. Lakini katika makabila mengi ya nchi yetu uko pia mwiko ambao mtu huwekewa na wengine, kama vile mja mzito kukatazwa mayai, au watoto kunyimwa mayai na nyama ya kuku wasije wakawa wezi. Miiko ya namna hii haimlindi anayeishika. Humpunguzia nguvu yule anayehitaji chakula kuliko wote. Waalimu wauseme wazi ubaya wake, kwa upole, na mbele ya bibi zetu, maana wao ndio wenye kauli jikoni.

WAZEE NA SENGU YAO

Sasa niirudie ile njia ya tatu. Zamani katika Umatengo ukoo ulikuwa na sengu yake. Wanaume wazima wa ukoo walikusanyika nyumbani kwa mzee wao, aitwaye bambo, wakala pamoja. Na chakula kililetwa kutoka nyumba zao, kila mke na alichopika. Hapo walizungumza habari za mashamba, wakaamua magomvi, na vijana wakajifunza mila kwa kusikiliza. Baadaye kahawa ilileta fedha katika kila nyumba peke yake, kisha watu wakahamia katika vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970, na sengu ikapungua. Hata hivyo jina lake halikufa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wenzao Wajapani walipofanya kazi na wakulima wa Umatengo, kuanzia miaka ya 1990, wakulima walilitumia tena jina la sengu kwa kamati yao ya maendeleo.

Tazameni hekima iliyokuwamo. Hakuna mwanamke mmoja aliyewapikia wote. Vyombo vilikuwa vingi, maana nyumba zilikuwa nyingi. Asiyependa cha nyumba hii aliweza kumega cha nyumba ile, wala hakulazimika kusema, "Mimi sili hiki." Upungufu wa sengu ulikuwa kwamba wake na watoto hawakuketi hapo. Basi sisi tuchukue hekima yake na kuuondoa upungufu wake: siku ya sikukuu kila nyumba ya jamaa ilete chombo kimoja kilichopikwa vizuri, na wote waketi, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo.

MATENGENEZO YA KARAMU

Juma moja kabla ya sikukuu, mwenye nyumba apeleke habari kwa kila nyumba na kuuliza maneno mawili tu: "Kwenu yuko asiyekula kitu fulani?" na, "Mtaleta chombo gani?" Atakayejibu atajibu kwa siri, naye hataona haya siku ile. Ndipo mwenye nyumba agawe kazi: nyumba ya ziwani ilete samaki au usipa, nyumba ya mlimani ilete maharage, nyingine mboga, nyingine matunda. Mwenye nyumba mwenyewe apike ugali na wali, na nyama akiweza. Kilo moja ya mchele hutosha watu 6 hata 8, ikiwa vitoweo ni vingi.

Kanuni kubwa ya upishi wa namna hii ni moja: kitu kilichotengwa chaweza kuchanganywa sahanini, lakini kilichochanganywa chunguni hakitengwi tena. Kwa hiyo usimwage mchuzi juu ya wali. Pilipili ikae kando. Karanga zikae kando. Chumvi iwe kidogo, na apendaye aongeze mwenyewe.

Usipa wakavu: watoe vichwa, wapepete mchanga, wakaange chunguni bila mafuta mpaka wanukie, kisha wamwagie maji ya moto na kuwaosha upesi. Ndipo uwaunge kwa kitunguu na nyanya nyingi. Watu wa mlimani wanaosema usipa hunuka, wengi wao wamekula usipa wasiokaangwa. Wachache uwatwange wawe unga. Unga huo ukitiwa katika uji wa mtoto humfaa sana.

Maharage: yaloweke usiku kucha, yamwage maji yake, yachemshe katika maji mapya mpaka yalainike kabisa. Kisha yagawe mara mbili. Sehemu moja uiunge kwa kitunguu na mafuta. Sehemu nyingine uiponde iwe laini, bila mafuta mengi. Hiyo ya pili ni ya babu, ya mwenye vidonda vya tumbo, na ya watoto. Kwa moto mmoja umewalisha watu wa namna nne.

Mboga: mwezi wa Desemba mvua zimekwisha kuanza, na majani ya maboga huwa laini. Yamenye nyuzi, yakate, yachemshe kwa maji kidogo na kwa muda mfupi, yasipoteze rangi. Nusu uitie karanga zilizotwangwa, nusu uiache vilevile, na uwaambie wageni ipi ni ipi. Kijiko cha hii kisiingie katika ile. Uyoga nao huota wakati huo, lakini pikeni ule tu ambao mwenye ujuzi ameutambua.

Unga wa muhogo: asiufanyie mtu haraka kwa sababu ya wageni. Muhogo mchungu una sumu, nayo hutoka kwa kuloweka siku za kutosha na kukausha vema. Anayepunguza siku hizo anahatarisha miguu na uhai wa walaji.

Nyama: ikatwe vipande vilivyo sawa, na vihesabiwe kwa idadi ya vichwa, si kwa ukubwa wa ndevu. Watoto na waliopika wapewe fungu lao kabla sinia haijapita kwa wanaume.

Maembe yakipatikana kutoka ziwani, yakatwe na kuwekwa pamoja na vyakula vingine tangu mwanzo, yasiwe zawadi ya aliyemaliza. Togwa ya ulezi au ya mahindi humfaa kila mtu, ila mwenye kisukari na apimiwe. Na chakula kilichobaki, hasa wali na nyama, kisilale chunguni hata kesho. Kigawiwe jioni ileile kwa majirani na wagonjwa.

ADABU YA KULA PAMOJA

Chakula chema huharibiwa na midomo miovu. Mwenye nyumba, kabla ya watu kunawa mikono, ataje mara moja kila chombo na kilichomo: "Hiki ni kuku, amechinjwa na shemeji yetu. Hiki ni usipa. Hii ina karanga, hii haina." Akishasema hivyo anyamaze. Asihesabu matonge ya mtu, wala asiulize, "Mbona huli?" Swali hilo, ingawa twalifikiri ni ukarimu, humweka mgeni kizimbani.

Mgeni naye ana wajibu wake. Ikiwa imani na afya yake vinamruhusu, aonje. Mskoti David Livingstone, aliyelifikia Ziwa Nyasa mwaka 1859, aliwaona wale wadudu wadogo waitwao kungu, wanaotanda juu ya maji kama moshi wa nyika inayoungua, ambao watu wa ziwa huwakamata, huwachemsha na kuwafanya mikate. Alipopewa mkate huo hakukunja uso. Alionja, akautafutia mfano katika vitu alivyovijua, akaulinganisha na mayai ya samaki yaliyotiwa chumvi na nzige. Ikiwa mtu wa mbali vile aliweza kuonja, kijana wa mlimani asishindwe na ugali wa muhogo wa wakwe zake. Na asiyeweza, aseme, "Ahsante, nimetosheka," wala asiseme, "Kwetu hatuli hivi."

Watoto wafundishwe sheria mbili tu: ruhusa kuacha, marufuku kukitukana chakula. Wala wasipikiwe kingine. Mtoto mwenye afya aliyeacha mboga leo mchana hatakufa kabla ya jioni. Na jioni ataikuta mboga tena, bila maneno.

Nanyi waalimu, shuleni mnaona jinsi watoto wanavyotaniana: huyu mla kumbikumbi, yule mla kungu, yule mla maharage kila siku. Utani huo ukiachwa, mtoto hukionea haya chakula cha mama yake, akatamani kile cha dukani kilichofungwa karatasi. Mfundisheni kwamba kumbikumbi, dagaa na maharage vinajenga mwili, na kwamba aliyekipika chakula hicho ametoka jasho.

Labda mtu atasema, "Haya yote ni kuwadekeza watu. Baba zetu walikula walichopewa." Ndugu yangu, baba zetu nao walikuwa na miiko yao, na hakuna aliyewaita wadekezwa. Kumdekeza mtu ni kumpikia chungu chake kila anapolia. Hapa hatukusema hivyo. Tulisema jamaa wagawane kazi, vyombo viwe vingi, ukweli usemwe juu ya kila chombo, na hiari ya mtu iheshimiwe. Kizuri kula na nduguyo, wasema wahenga. Nao hawakusema kwamba nduguyo lazima ale sawasawa na wewe.

Basi, mwaka huu kabla ya Noeli, baba wa nyumba na mama wa nyumba wakae pamoja jioni moja, wayahesabu majina ya watakaokuja, na karibu na kila jina waandike asichokula na sababu yake: imani, ugonjwa, au mazoea. Kisha wapeleke habari kwa kila nyumba, mapema, wakati nafasi ya kutengeneza ingaliko. Na siku yenyewe ikifika, mama aliyepika apewe kiti, aketi, naye ale chakula kingali moto.